Kware Wanaotaga Mayai Laini: Tengeneza Mizani ya Madini Kabla ya Kutafuta Dawa

Swali moja linarudi kila mara kutoka kwa wafugaji wa kware wa Pemba, kuanzia Konde hadi Kengeja: "Kware wangu wanataga, lakini maganda ni mepesi, mengine yanabonyea kama mpira. Niwape dawa gani?" Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hakuna dawa ya kutafuta. Ganda la yai limejengwa kwa madini, na madini hayo yanatoka kwenye chakula. Chakula kikipungukiwa, chupa ya dukani haitaziba pengo hilo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Pemba haina uhaba wa kalsiamu. Pwani zetu zimejaa makombe na maganda ya chaza, na kila kijiji cha wavuvi kina rundo la maganda yasiyo na mwenyewe. Kinachopungua mabandani ni mizani: kalsiamu inatolewa kidogo au kwa wakati usiofaa, chumvi inaingia nyingi bila mtu kujua, fosforasi ipo lakini ndege hawezi kuitumia, na vitamini D haitoshi. Makala haya yanaeleza namna ya kuirekebisha mizani hiyo kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa kisiwani, na yanataja makosa yanayowagharimu wafugaji mayai kila wiki.

Anza na hesabu ya yai moja

Kware wa Kijapani, ambaye ndiye anayefugwa kwa mayai, ana uzito wa gramu 120 hadi 180 hivi, na yai lake ni gramu 10 hadi 12. Ganda la yai hilo linakaribia gramu moja, na ndani ya ganda mna kalsiamu ya kiasi cha gramu 0.3. Kiasi hicho kinatoka mwilini kila siku anayotaga. Upande wa pili, kware huyo anakula gramu 20 hadi 25 tu za chakula kwa siku. Chukua chakula cha vifaranga, ambacho kwa kawaida kina kalsiamu isiyozidi asilimia moja. Akila gramu 22 za chakula hicho anapata kalsiamu ya gramu 0.2 tu, na hata hiyo hafyonzi yote, kwani karibu nusu hupita na kinyesi. Basi anadaiwa tangu yai la kwanza, na anayelipa deni ni mifupa yake.

Maumbile yamempa jike akiba. Takriban wiki mbili kabla ya kuanza kutaga, mwili wake huweka kalsiamu ndani ya mifupa iliyo wazi katikati, ili itumike saa za usiku tumbo likiwa tupu. Akiba hiyo imekusudiwa kuchotwa na kurudishwa kila siku. Ikichotwa bila kurudishwa, dalili huja kwa mpangilio: kwanza ganda linakonda, kisha mayai yasiyo na ganda yanaonekana chini ya kizimba, kisha jike analala ubavu na miguu haina nguvu, na mwisho yai linakwama au ndege anakufa. Mfugaji anayesubiri hatua ya tatu ndipo aulize, amechelewa kwa wiki kadhaa.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994 wa lishe ya ndege wafugwao, linataja kwa kware wanaotaga kalsiamu asilimia 2.5 ya chakula, fosforasi inayotumika asilimia 0.35, na protini asilimia 20. Kwa vifaranga kalsiamu ni asilimia 0.8 tu. Katika joto letu ndege hula kidogo, kwa hiyo ni busara kusogea kati ya asilimia 2.5 na 3 kwa majike wanaotaga. Shika tarakimu hizo, maana kila ushauri unaofuata umejengwa juu yake.

"Mbona kuku wa kienyeji hawapewi madini na wanataga vizuri?"

Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, kisha huatamia na kulea. Mwili wake unapata miezi ya kupumzika. Zaidi ya hapo, anatembea mchana kutwa, anadonoa konokono, wadudu, vipande vya makombe na chokaa iliyobanduka ukutani, na anapigwa na jua. Yai lake ni kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake.

Kware hana hata moja kati ya hayo. Anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, anaweza kutoa mayai 250 hadi 300 kwa mwaka bila kuatamia, na kila yai ni asilimia 7 hivi ya uzito wake. Amefungiwa kizimbani, hana pa kudonoa isipokuwa kile ulichomwekea. Kwa kumfungia, umechukua dhamana ya kila chembe anayohitaji.

Chagua chakula cha msingi kwanza

Madini hayafanyi kazi juu ya chakula duni. Wafugaji wengi Pemba wana njia tatu, na kila moja ina sharti lake.

1. Chakula cha kuku wa mayai. Kalsiamu yake kwa kawaida ni asilimia 3.5 hadi 4, nayo inamtosha kware na kuzidi kidogo. Kasoro yake ni protini, ambayo huwa asilimia 16 au 17. Changanya kilo 9 za chakula hicho na kilo 1 ya dagaa wakavu wasio na chumvi waliotwangwa, na protini itafika karibu asilimia 20. Usiongeze unga wa makombe ndani ya mchanganyiko huu.

2. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama. Protini yake ni nzuri, asilimia 21 hadi 22, lakini kalsiamu ni ya kifaranga. Changanya kilo 9 na nusu za chakula hicho na nusu kilo ya unga wa makombe. Utapata kalsiamu ya asilimia 2.7 hivi na protini ya asilimia 20 hadi 21 hivi. Sharti lake ni kusoma lebo na kumuuliza muuzaji kama kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu. Chakula chenye dawa hiyo hakifai kwa ndege wanaotaga mayai ya kuliwa, kwa sababu mabaki yake huingia kwenye yai.

3. Chakula cha kuchanganya mwenyewe. Njia hii inahitaji mahindi, soya au mashudu, dagaa, mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani, na chanzo cha fosforasi. Pumba, chicha na dagaa peke yake haziwezi kumtunza kware anayetaga, hata zikijaa kihori. Kama unakwenda njia hii, peleka orodha ya vitu ulivyonavyo kwa afisa mifugo wa wilaya akusaidie kupanga viwango.

Hama kutoka chakula kimoja kwenda kingine kwa siku tano hivi, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Chakula chenye kalsiamu ya kutagia kianze wiki ya tano au ya sita, si kabla. Kifaranga anayelishwa kalsiamu ya jike anayetaga anaumia figo na anadumaa.

Namna ya kutengeneza unga wa makombe

Ganda la kombe au chaza lililo safi lina kalsiamu ya asilimia 37 hivi, sawa na chokaa ya mifugo inayoletwa kutoka bara. Tofauti ni kwamba lako unalipata kwa jasho tu. Fuata hatua hizi bila kuruka:

1. Kusanya maganda matupu, yaliyokwisha kuliwa, kutoka majumbani au kwa akina mama wanaokwenda pwani maji yakitoka. Usivue viumbe hai kwa ajili ya kware, na usivunje matumbawe.
2. Loweka usiku kucha kwenye maji yasiyo na chumvi, mwaga, kisha rudia. Hatua hii inaondoa chumvi na mchanga.
3. Chemsha dakika 20 ili kuua vijidudu na kulegeza mabaki ya nyama. Sugua.
4. Anika juani mpaka yakauke kabisa. Ukitaka yavunjike upesi, yapashe juu ya moto mdogo. Yasiwe majivu meupe, kwa sababu ganda likiungua kwa moto mkali linageuka chokaa inayounguza.
5. Twanga kwenye kinu ukiwa umefunga kitambaa puani na kinywani. Vumbi lake si jema kwa mapafu, na watoto wasikae karibu.
6. Chekecha mara mbili. Unga laini uwe wa kuchanganya kwenye chakula. Chenga za milimita 1 hadi 2, ukubwa wa chenga ndogo za mchele, ziwe za kuweka kwenye kisahani. Vilivyobaki virudi kinuni.
7. Chukua chenga kidogo, zisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama kuna vijiti vyembamba vinavyochoma ngozi, twanga tena. Koo la kware ni dogo kuliko la kuku, na makombe yaliyovunjwa kwa ajili ya kuku wakubwa hayamfai.

Je, ni kazi kubwa? Pima. Kware 100 wanakula kilo 2.2 hivi za chakula kwa siku. Asilimia 5 ya hiyo ni gramu 110 za unga wa makombe. Kwa mwaka mzima ni kilo 40. Siku chache za kutwanga zinatosha kwa miezi, na unga ukiwekwa kwenye ndoo kavu yenye kifuniko hauharibiki.

Maganda ya mayai ya jikoni nayo yanafaa, kwa sharti kwamba yamechemshwa au kukaangwa mpaka yakauke, kisha yakasagwa laini. Ukiwapa vipande vinavyoonekana kama yai, unawafundisha kula mayai yao, na tabia hiyo haitoki kwa urahisi.

Chokaa ipi ndiyo, ipi siyo

Neno "chokaa" limewaponza wengi, kwa sababu kisiwani kwetu linabeba vitu viwili vilivyo mbali. Kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo, ambayo hayajachomwa. Na kuna chokaa iliyotoka kwenye tanuri, ya kujengea na kupaka kuta, pamoja na ile ya kulia tambuu. Hii ya tanuri inaunguza. Ikiingia kwenye chakula inachoma kinywa, koo na tumbo la ndege. Kazi yake bandani ni sakafuni tu, kuua vijidudu wakati banda ni tupu.

Ukiwa na unga usioujua, weka kijiko kimoja kwenye sahani na ukamulie ndimu. Chokaa ya mifugo na unga wa makombe hutoa mapovu mara moja. Usiotoa mapovu, utupe. Hata hivyo, kipimo hiki kinakuonyesha ubovu tu na hakikupi hakika ya usalama, kwani chokaa ya tanuri iliyokaa muda mrefu kwenye hewa nayo hutoa mapovu kiasi. Kama hujui unga umetoka wapi, usiwape. Mawe ya uwandani pia yaache: mengine yana udongo na mchanga, mengine yana magnesiamu nyingi inayoharisha ndege na kudhoofisha ganda. Makombe ni salama zaidi, nayo hayakugharimu kitu.

Chumvi: adui anayeingia pamoja na dagaa

Hapa ndipo wafugaji wa Pemba wanapojikwaa kuliko wafugaji wa bara. Dagaa wengi wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao ndio wanaosafirishwa hadi Kongo, na chumvi inawasaidia kudumu njiani. Kwa mlaji ni sawa. Kwa kware ni hatari. Tuseme kilo moja ya dagaa hao ina gramu 100 za chumvi. Ukiichanganya kwenye kilo 10 za chakula, umeongeza chumvi ya asilimia moja juu ya ile asilimia 0.3 hivi ambayo kiwanda kilikwisha kuitia. Kware sasa anakula mara nne ya anachohitaji.

Dalili za chumvi kuzidi ni kunywa maji kupita kiasi, kinyesi cha majimaji, sakafu isiyokauka, na ikizidi, vifo vya ghafla hasa kwa wadogo. Lakini kuna madhara yanayojificha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, miaka ya 1980, uliofanywa kwa kuku wa mayai, ulionyesha kwamba maji ya kunywa yenye chumvi huongeza maganda mabovu hata pale kalsiamu ya chakula inapotosha. Kwa hiyo mfugaji wa pwani anaweza kuongeza makombe wiki baada ya wiki asione nafuu, kumbe tatizo limo kisimani.

Fanya hivi:

- Nunua dagaa walioanikwa bila kuchemshwa kwa chumvi. Onja mmoja. Ulimi ukikamata chumvi waziwazi, wasitumike kama walivyo.
- Kama hakuna wengine, waloweke kwa saa moja, mwaga maji, rudia, kisha anika mpaka wakatike kwa mkono. Dagaa wenye unyevu huota ukungu.
- Onja maji ya kisima, hasa kisima cha karibu na bahari na hasa wakati wa kiangazi. Yakiwa na ladha ya chumvi, tafuta maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kware.
- Usiongeze chumvi kwenye chakula cha kiwandani. Kwa chakula unachochanganya mwenyewe bila dagaa wa chumvi, gramu 25 hadi 30 kwa kilo 10 zinatosha.
- Mwani usiwe chanzo cha madini. Pemba inalima mwani mwingi, na ni kweli una madini, lakini umejaa chumvi na potasiamu, na viwango vyake hubadilika kila shehena.

Fosforasi na vitamini D: washirika wanaosahauliwa

Kalsiamu haiendi peke yake. Fosforasi inahitajika ili mifupa ishike kalsiamu, na wengi hudhani pumba zinaitoa ya kutosha. Pumba za mpunga zina fosforasi nyingi kweli, lakini sehemu kubwa imefungwa katika umbo ambalo tumbo la ndege haliwezi kulifungua, na umbo hilo hilo hushika pia zinki na kalsiamu. Fosforasi anayoweza kuitumia kware hutoka kwenye dagaa wenye mifupa, unga wa mifupa uliopikwa vizuri, au fosfati ya kalsiamu ya dukani ambayo wauzaji huiita DCP. Kama chakula chako ni cha kiwandani, imo tayari. Usiongeze, kwa sababu fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu na ganda hukonda vile vile.

Vitamini D nayo ndiyo inayofungua mlango wa kalsiamu kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Kuku anayetembea huitengeneza kwa jua. Kware aliyefungiwa kwenye chumba cha nyuma, chini ya bati, hapati jua, na kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Hivyo lazima aipate kwenye chakula, na iwe D3, kwa sababu ndege hunufaika kidogo sana na D2. Chakula cha kiwandani kinayo, ila vitamini hufifia gunia likikaa miezi kwenye joto na unyevu. Nunua kinachokwisha ndani ya mwezi mmoja, soma tarehe, na weka gunia juu ya mbao mbali na ukuta. Mahali panaporuhusu, geuza vizimba vipate jua la asubuhi, huku kware wakiwa na kivuli cha kukimbilia.

Madini madogo na somo la iodini

Manganizi, zinki, shaba, chuma, iodini na seleniamu vinahitajika kwa vipimo vidogo mno: kwa mfano, manganizi miligramu 60 na zinki miligramu 50 kwa kila kilo ya chakula. Upungufu wa manganizi unaharibu ganda, na mayai ya kutotolesha yanatoa vifaranga dhaifu. Vipimo vidogo namna hii haviwezi kukadiriwa kwa vidole. Tumia mchanganyiko wa vitamini na madini wa ndege wanaotaga, kwa kiwango cha lebo. Uchanganye kwanza na kilo moja ya chakula, kisha na kilo tano, ndipo na gunia zima, ili usikusanyike mahali pamoja.

Wako watakaosema kwamba sisi ni watu wa kisiwa, bahari imetuzunguka, madini haya yatatukosaje? Jibu limo kwenye afya yetu wenyewe. Utafiti wa miaka ya 2000 ulikuta upungufu wa iodini kwa watoto wa skuli Zanzibar, na Pemba ilikuwa na hali mbaya kuliko Unguja, kwa sababu chumvi nyingi iliyotumika kisiwani haikuwa imetiwa iodini. Kukaa karibu na bahari hakumpi mtu madini, wala hakumpi kware. Basi unapotia chumvi kwenye chakula unachochanganya, iwe ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini.

Onyo moja zito: usitie mrututu kwenye maji kwa nia ya kuongeza madini ya shaba. Tofauti kati ya kipimo cha faida na kipimo cha sumu ni ndogo mno kwa ndege wa gramu 150.

Saa ya kulisha ina maana

Kuku hutaga asubuhi. Kware hutaga zaidi alasiri kuelekea magharibi. Saa chache baada ya yai kutoka, linalofuata huingia mahali pa kujengewa ganda, na kazi hiyo huendelea usiku kucha hadi mchana wa pili. Maana yake ni kwamba jike anahitaji kalsiamu tumboni wakati wa giza, saa ambazo hali kitu. Unga laini hupita upesi. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu mpaka alfajiri.

Kwa hiyo weka kisahani cha chenga za makombe kila kizimba, tofauti na chakula, na ukijaze alasiri kabla ya mwanga kupungua. Majike wanaotaga watakiendea wenyewe. Madume na walioacha kutaga watakipita. Kisahani kiwe kizito kisipinduke, na kisafishwe kila wiki, maana kinyesi kikiingia hawatakigusa.

"Nimefanya yote, maganda bado laini"

Usibadilishe mambo matatu kwa siku moja. Badilisha moja, ngoja siku saba, hesabu mayai mabovu, ndipo uamue. Ukishika daftari, pitia haya:

- Umri. Wanaoanza kutaga hutoa mayai machache laini kwa siku za mwanzo, na majike waliopita mwaka huwa na maganda mepesi. Hilo si ugonjwa.
- Joto. Wakati wa kaskazi kware hupumua kwa kuhema, na kuhema huondoa kwenye damu kitu kinachojenga ganda. Inua paa, fungua upande wa upepo, na badilisha maji mara tatu kwa siku.
- Ukungu. Wakati wa masika mahindi na pumba huota ukungu wenye sumu ya kuua ini. Chakula chenye harufu ya uvundo au mabonge kitupwe, kisipepetwe na kurudishwa.
- Msongamano na hofu. Paka, panya, kelele na kupigana husababisha mayai yasiyo na rangi au yaliyotoka kabla ya wakati.
- Ugonjwa. Maganda yakiharibika ghafla kwa kundi zima, pamoja na kukohoa, shingo kupinda au vifo, acha habari ya madini na mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Ugonjwa kama mdondo hautibiwi kwa makombe.

Makosa yanayojirudia

- Kumimina kalsiamu ya maji ya dukani kila wiki huku chakula kikiwa kile kile cha vifaranga.
- Kuongeza makombe kwenye chakula cha kuku wa mayai ambacho tayari kina kalsiamu ya kutosha, mpaka ndege wanakataa kula.
- Kuwalisha vifaranga na majike kutoka gunia moja.
- Kupima kwa konzi ya mkono. Nunua au azima mizani ndogo ya jikoni.
- Kutupa yai bovu bila kuliandika. Huwezi kujua kama unaendelea vizuri kama hukuhesabu.

Je, inalipa?

Wapo wanaoona kwamba yote haya ni mengi kwa ndege mdogo namna hii. Jibu liko sokoni. Yai linalotoka Pemba kwenda Unguja au Tanga hupakiwa garini, huteremshwa bandarini, huvuka mkondo wa bahari na kubebwa tena. Ganda jepesi halifiki. Na mayai yaliyopasuka hayatoi vifaranga, kwa hiyo hasara yake inaingia hadi kwenye kundi la mwakani.

Kenya ilitupa funzo jingine. Mwaka 2013 na 2014 watu wengi waliingia kwenye kware kwa kusikia kwamba mayai yake yanatibu kila maradhi, wakachukua vibali, wakajenga vizimba, bei ikapanda sana kisha ikaporomoka, na wengi wakabaki na ndege, wasijue wafanye nao nini. Aliyejenga biashara juu ya muujiza alianguka nayo. Anayebaki sokoni bei ikishuka ni yule ambaye yai lake linamgharimu kidogo, linafika zima, na linatoka kila siku. Kusawazisha madini ni njia mojawapo ya kufika huko kwa gharama ndogo.

Basi, ndugu mfugaji, wiki hii fanya mambo matatu: soma lebo ya chakula ulichonacho ujue kalsiamu na protini yake, onja dagaa na maji yako, na weka kisahani cha chenga za makombe kila kizimba kabla ya magharibi. Hesabu mayai mabovu leo, kisha yahesabu tena baada ya siku saba. Tarakimu hizo mbili zitakuambia kama mizani imekaa sawa, na zitakuambia kwa ukweli kuliko dawa yoyote ya dukani.